Jumba la Mjerumani na Kitovu cha Bi Zuleikha

Teksi ya abiria ilipopita Mobeni, kusini mwa Durban, Marcelline, mmoja wa abiria, aliacha kujifanya amelala, maana kwenye kiti cha mbele yake mazungumzo yalikuwa yamenoga. Peguy, mtunza bustani wa Morningside, alikuwa akimsimulia bibi asiyemjua habari za patron wake, yaani bosi wake, mzee wa Kijerumani.

"Babu yake alijenga jumba kubwa kule Ujerumani. Vita ikaisha, Warusi wakalala mule, kisha wakomunisti wakatia shule. Sasa wakomunisti wameanguka, naye analidai. Eish, mama, watoto ya watu wamekomea mule, wamekua mule. Si aache?"

"Kwa nini aache?" Bibi huyo, Zuleikha, alikuwa mzaliwa wa Durban, wa ukoo wa Wazanzibari. "Sisi makaburu walitutoa Bluff wakatutupa Chatsworth, kwa sababu ya rangi tu. Nyumba yetu wakapewa Wazungu. Serikali mpya inapokea madai, na kesho naenda. Kitovu changu kimezikwa pale uani, chini ya mpapai."

"Mpapai iko bado?"

"Wamechimba bwawa la kuogelea."

Marcelline akashusha pumzi kwa niaba ya teksi nzima. Peguy, ambaye huruma haikuwa fani yake, akasema, "Basi kitovu kilienda na udongo. Utadai nini, mama? Maji?"

"Nitadai maji."

"Unajua kuogelea?"

"Dereva, nishushe baada ya robot, hizo taa za barabarani." Bi Zuleikha akakaza mtandio, akateremka polepole, kisha akageuka mlangoni.

"Nitajifunza."