Mizani ya Ndege ya Bukoba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha tele! Wengi mnanijua, ni mama Perusi, muuza samaki wakavu hapa Igogo. Leo siuzi kitu. Leo nasema Mungu alivyonitendea.

Mnajua Perusi wangu ameolewa Bukoba. Asubuhi moja mchungaji alinifuata sokoni, kofia ameishika mkononi, nikajua kuna jambo. Mkwe wangu alikuwa amempigia simu. Perusi amejifungua mtoto wa kike, lakini damu imemtoka sana. Shemeji yake ametoa chupa moja, ndugu wengine wote damu zao hazilingani na yake. Yangu inalingana, nilishawahi kumtolea akiwa msichana, alipofanyiwa upasuaji. Wakasema mama aje leo, kesho ni mbali.

Bukoba leo? Meli ilikuwa imeondoka jana yake. Na ile barabara wakati wa mvua mnaijua wenyewe, unavuka kwa kivuko cha Kamanga leo, kufika ni majaliwa. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi la soko, nikalia. Nikasema, Mungu, damu ya kumponya mwanangu umeiweka mwilini mwangu, halafu ukaweka ziwa katikati yetu?

Mchungaji akaniambia kuna ndege. Nikamcheka huku nalia. Ndugu zangu, miaka yote hiyo ndege ilikuwa ya wakubwa! Sisi tulikuwa tunaisikia ikipita, tunaendelea kugeuza samaki. Kumbe mambo yamebadilika. Watu binafsi wameruhusiwa kuendesha ndege, kampuni ya pili imeanza safari za Bukoba na imeshusha nauli, na ile ya kwanza, isije ikakosa abiria, nayo imeshusha. Kina mama wa kanisa hili wakachanga, na nauli ikapatikana kabla jua halijawa kali. Mungu awabariki!

Lakini kina mama ni kina mama. Utaendaje kwa mzazi mikono mitupu, tena ukweni? Wakaleta unga wa ulezi wa uji, samaki na vitenge. Mchungaji akaonya kwamba ndege haitaki mzigo mkubwa. Sisi watu wa meli dawa yake tunaijua: kinachopimwa ni mzigo, mtu hapimwi! Wakanifunga unga kiunoni na samaki mgongoni kama mtoto, juu yake vitenge vitatu. Nikawa natembea kama pipa.

Mchungaji akanisindikiza uwanja wa ndege, nikakuta meza mbili zimetazamana, kila kampuni na vijana wake.

"Shikamoo mama, njoo huku, kwetu bei poa!"

"Mama, hao watakuchelewesha! Sisi tunaondoka sasa hivi!"

Mimi muuza samaki, ndege zinanigombania! Nikaenda kwa hao wa sasa hivi, nikalipa. Kijana akapima kikapu changu, akasema sawa. Kisha akaniambia, "Haya mama, sasa panda wewe."

"Nipande wapi?"

"Kwenye mizani. Ndege ni ndogo, kila abiria tunampima."

Nikapanda, na ule mshale ukaenda, ukaenda. Kijana akautazama, akanitazama mimi. "Mama, nafasi imebaki moja, na uzito huu haturuki nao. Labda usubiri ya kesho."

Kesho! Ndugu zangu, aibu ilinitoka hapohapo. Nilifungua kila kitu mbele za watu! Unga chini, samaki mezani, vitenge akapokea mchungaji. Bwana mmoja wa suti alicheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia kijana, "Pima tena, mwanangu. Sasa ni mimi tu."

Akapima. Akasema, "Pita, mama."

Ndani ya ndege nilifumba macho nikaimba pambio kwa sauti, mpaka rubani akageuka kunitazama. Mkwe alikuwa ananisubiri Bukoba, akanipeleka moja kwa moja hospitali. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia, "Dada, nisamehe, nimekuja mikono mitupu." Akanishangaa kama mwendawazimu. "Mikono ya nini? Tunayoitaka iko mwilini mwako! Ingia!"

Jioni ile Perusi alifumbua macho. Akasema, "Mama, umefikaje leo?" Nikabaki nacheka na machozi yananitoka. Mungu wetu ni mwema, jamani! Ni mwema!

Ndugu yangu, kama una mgonjwa wako, kama umekaa kwenye vumbi na huoni njia, mwamini huyu Mungu. Usiondoke hapa kabla hatujakuombea, na wa kwanza kupiga magoti nitakuwa mimi. Halafu kesho asubuhi twendeni wote uwanja wa ndege. Perusi anakuja na mtoto wake, mje mmbebe. Amina!