Filimbi Katika Chumba cha Droni

Wasikilizaji wapendwa, acheni chai ipoe, sogeeni karibu! Leo tunamkumbuka Mama Filimbi, mwanasheria wa jeshi, aliyetutoka juzi. Alifundisha sheria za vita. Ndiyo, hata vita vina sheria! Naye alizifundisha kwa filimbi ya refa. Akiipuliza mazoezini, kila mwanajeshi huacha alichoshika na kuinua mikono. Inasemekana siku moja hata paka wa kambini alisimama kwa miguu miwili. Sikuwepo, lakini naamini.

"Nyumbani ilikuwa hivyohivyo," anasema binti yake. "Ukidokoa nyama jikoni, priii! Mikono juu, na nyama bado iko mdomoni."

Sasa sikilizeni! Vita vimepamba moto. Mama yuko katika chumba cha kuongozea droni, zile ndege zisizo na rubani. Kwenye kioo cha picha za droni, basi dogo limesimama. Wanaume wanashuka, kila mmoja na kitu kirefu mkononi.

"Bunduki hizo," kamanda akasema. "Piga!"

"Una hakika, afande?"

"Mama, si unaziona?"

"Naona vitu virefu. Hata ufagio ni mrefu. Ukiwa na shaka na mtu, mtu huyo ni raia. Nilikufundisha mwenyewe!"

"Hapa si darasani, Mama. Piga!"

Kidole cha mwendesha droni kikaelekea kitufe. Mama akapuliza. Priiii! Mwendesha droni, mikono juu! Kamanda, mikono juu! Mazoea hayo, wapendwa! Chumba kizima kimejisalimisha kwa mama mmoja!

Wakiwa bado wameduwaa, mpira ukadunda pale kiooni. Vile vitu virefu vikaingia kwapani. Magongo! Magongo ya kutembelea! Ilikuwa timu ya wachezaji wa mguu mmoja, imekuja kucheza mechi!

Mwendesha droni aliniambia msibani: "Nilikuwa bado nakitazama kile kitufe. Mama akanishika bega, akasema, 'Tazama mpira, baba.' Bao la kwanza lilipoingia, kamanda ndiye aliyeruka juu kuliko sote."

Pole nyingi kwa mumewe, binti yake, na wote aliowahi kuwapulizia.

Jana nilimtafuta nahodha wa timu ile. Nikamwuliza, unaikumbukaje siku ile?

"Vibaya sana, mzee wangu! Tulifungwa matatu."

Hakujua kitu kingine. Tutafakari hilo, wapendwa. Na kila mtu anayeonekana kwenye vioo vile usiku wa leo, ubaya wa siku yake uishie kwenye mabao tu.