Ndunge Mulei na Uso wa Kanini

Marehemu Ndunge Mulei alizaliwa Gatuanyaga tarehe 9 Mei 1927, binti wa tatu wa Mzee Muasya na Mama Nduku. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha ukame ukamaliza ng'ombe wa karo, naye akarudi nyumbani.

Mwaka 1946 aliajiriwa kuwa yaya katika shamba moja la kahawa huko Ruiru. Mama mwenye nyumba alikuwa akichora, na alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za wachoraji wa Ulaya wa zamani. Ndunge alitarajia kuona wafalme. Humo kitabuni akamkuta mwanamke anayefua nguo, na mzee kipofu aliyeketi mlangoni, nusu ya uso wake ikiwa gizani.

"Kumbe hata mtu kama mama yangu huchorwa!" alisema.

Tangu hapo alinakili picha zile kwa mkaa, kisha kwa rangi alizobakishiwa, juu ya magunia ya kahawa. Alipomchora Mama Nduku, mama alifoka: "Mbona umeninyima meno? Bado ninayo mawili!"

Tarehe 18 Desemba 1948 alifunga ndoa na Mulei, mfanyakazi wa kiwanda mjini Thika. Walibarikiwa binti, Kanini, na mvulana, Kilonzo.

Agosti 1955 surua ilimchukua Kanini. Hakuwahi kupigwa picha. Ndunge, aliyekuwa amechora nusu ya majirani, hakuwa amemchora mwanawe. Mtoto hakutulia, naye alidhani nafasi ipo. Basi akaanza kumtafuta kwa brashi. Alimketisha binti wa dada yake mlangoni, mwanga umwangukie upande mmoja, kama alivyojifunza kwa wachoraji wale. Kila mara uso uliotokea ulikuwa wa yule binti. Aliukwangua kwa kisu, akaanza upya.

"Mama Kanini, pumzika," Mulei alimsihi.

"Nikipumzika nitamsahau. Kidevu chake tayari kimenipotea."

Mwaka 1957 aliugua kifua kikuu. Wodini hakuruhusiwa rangi. Alichora kwa kidole juu ya blanketi. Jumapili moja alimwambia mumewe: "Wewe ni baba yake. Niambie kidevu chake kilikuwaje."

Mulei alifungua mdomo, akaangua kilio. Yeye pia alikuwa amekisahau. Ndunge alimshika mkono, wakakaa hivyo hadi wageni walipoambiwa watoke. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 1958.

Ameacha mume, mwanawe Kilonzo, mama yake, dada wawili, na gunia moja ambalo hakulimaliza. Bwana ampe pumziko alilolikosa hapa kwetu. Amina.