Ndoo Arobaini za Isaka

Kijiwe chetu hapa Mkunya, Newala, kina benchi moja, gogo moja la mkorosho na birika la Awadhi, muuza kahawa. Mwezi ni Oktoba. Mabibo yameiva, uraka, pombe ya mabibo hayo, unakamuliwa karibu kila nyumba, na maji hakuna. Bomba lina wiki ya tatu linakohoa tu. Visima vya mvua vimebaki tope, isipokuwa cha Bi Kibibi, ambacho marehemu mumewe alikichimba kama mtu mwenye ugomvi na ardhi. Sasa Isaka, aliyekuwa akinywa uraka tangu bibo la kwanza hadi la mwisho, ameacha, leo siku ya kumi na tisa, na anataka kubatizwa Jumapili hii. Kanisa letu huzamisha mtu mzima mzima. Mchungaji ameshachimba shimo na kutandika turubai. Zimepungua ndoo arobaini za maji. Asubuhi alinituma mimi, mzee wa kanisa, nikamwombe Bi Kibibi. Nikapita kijiweni ninywe kikombe kimoja. Mungu anisamehe, nilikuwa kwenye cha nne.

Isaka mwenyewe alikaa mwisho wa benchi, kahawa inamtetemeka mkononi. Aliyeanza ni Mahmudu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi.

— Isaka, ndugu yangu, subiri mvua. Desemba hiyo hapo.

— Desemba mbali, kaka, akasema Isaka. Jirani wa kushoto anakamua uraka, jirani wa kulia anakamua uraka. Nikilala, harufu inaniita kwa jina. Nataka Jumapili.

— Basi ashuke Ruvuma, mto una maji ya bure, akasema Anselmo. Huyu tunamwita Bwana Afya. Aliwahi kulinda geti la hospitali kule Masasi, na tangu hapo anatibu kila kitu.

— Una na mamba, akajibu Redio. Mamba haulizi kama umeshatubu. Wataingia wawili, ataibuka mchungaji peke yake.

— Au asiibuke mchungaji, akasema Bwana Afya. Maana yeye ndiye mnene.

Awadhi akaweka birika chini.

— Mie naona mnajitesa. Sisi Waislamu tukikosa maji ya udhu, tunatayamamu kwa mchanga. Mwambieni mchungaji amzike Isaka mchangani kidogo, amfukue. Mchanga wa Newala haujawahi kukatika hata siku moja.

— Awadhi, nikamwambia, Yohana alibatizia mtoni, hakubatizia mchangani.

— Yohana alikuwa na mto, Baba Agatha. Angezaliwa Mkunya tungeona.

Nikaomba cha tano.

— Mimi nimepata dawa, akasema Bwana Afya. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Abatizwe kwa awamu. Jumapili hii miguu, ndoo mbili zinatosha. Jumapili ijayo magoti. Mpaka mvua inyeshe tumefika shingoni.

— Na kichwa?

— Kichwa cha mwisho. Ndicho chenye kazi.

— Sasa nikifa Jumatano, akauliza Isaka, miguu inakwenda mbinguni, mimi nabaki wapi?

Tulicheka mpaka Redio akamwaga kahawa. Isaka hakucheka sana.

— Hata hivyo kwa Bi Kibibi msijisumbue, akasema Redio. Atawanyima. Ninyi mnafikiria kuyapata maji. Yeye atafikiria baadaye yanakwenda wapi. Hapa nani anamwaga ndoo arobaini? Maji ya kuoshea mchele tunaogea, ya kuogea tunamwagilia mchicha.

— Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, akasema Bwana Afya.

— Wahenga hao hawakuwa wa Newala. Kwetu yanazoleka, tena kwa kitambaa. Basi sikilizeni. Dhambi zote za Isaka zinabaki kwenye lile shimo. Si ndivyo, Baba Agatha? Si anaziacha humo?

— Ni mfano, Redio, nikasema.

— Mfano au si mfano, ziko humo. Mtu akichota akanywesha mbuzi, mbuzi yule harudi nyumbani mpaka usiku wa manane, na akirudi anaimba.

— Ukipulizia mikorosho, akadakia Bwana Afya, korosho zinatoka zimelewa tayari. Mnada mzima utayumba.

— Ukifyatulia matofali, nyumba inahamia kwa jirani!

— Na mkeo ndani yake!

Tulikuwa hapo, tunagongana mabega, ndipo Bi Kibibi mwenyewe akatokea na fimbo yake, amefuata kashata. Redio akazimika. Mara ya kwanza.

— Shikamoo mama, tukasema wote.

— Marahaba. Nasikia nimewanyima maji.

Akaegemea fimbo, akatupitia kwa macho mmoja mmoja.

— Nani alikuja kwangu kuomba, nikamnyima?

Bwana Afya akatazama kiatu chake. Redio akamtazama Bwana Afya. Awadhi, ambaye hakuhusika kabisa, akaanza kufuta vikombe vilivyokwisha kufutwa. Aliyetakiwa kujibu ni mimi, na nikashindwa. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na moja, najua Zaburi nyingi kwa kichwa, lakini nisiwafiche: si kahawa iliyoniweka pale. Moyoni nilikuwa nikisema, Isaka huyu atarudi kwenye uraka kabla ya Jumapili, ya nini nikaweke rehani heshima ya kanisa kwa mama wa watu? Niliona bora maji yakosekane kuliko kuaibika.

Isaka akasimama, akaweka kikombe benchini kwa mikono miwili.

— Mama, anayeomba ni mimi. Ndoo arobaini. Nitachota mwenyewe, na mvua ikinyesha nitakusafishia paa na mifereji yote, kisima kijae.

Bi Kibibi akamtazama mikono.

— Siku ya ngapi leo?

— Ya kumi na tisa.

— Mume wangu naye aliacha, akafika ya kumi na mbili, akasema mama. Njoo uchote. Kamba iko juu ya mfuniko.

Akageuka, akaondoka bila kashata. Isaka akamfuata. Redio na Bwana Afya wakakumbuka kila mmoja shughuli yake. Mimi nikainuka, nikaazima ndoo mbili kwa Awadhi, nikawakimbilia.

Kule kisimani Isaka alitumbukiza ndoo ya kwanza. Tuliisikia ikigonga maji, chini sana. Akanipa upande wa kamba, akaniuliza taratibu, bila hasira:

— Baba Agatha, wewe uliamini kuwa nitafika Jumapili?

Nikashika kamba, nikavuta. Ilikuwa nzito. Niliendelea kuvuta, naye alikuwa bado ananitazama.