Miaka Thelathini na Miwili Kwenye Kiti cha Abiria

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mtahini Mkuu wa Madereva katika kituo chetu cha usajili wa magari na leseni anastaafu rasmi. Sisi wenzake, pamoja na nusu ya madereva wa mji huu, tunamwita Bwana Taratibu. Hadi leo hatujakubaliana kama jina hilo lilitokana na kuwahimiza watahiniwa waende taratibu au kuwahimiza wafuate taratibu. Akiulizwa mwenyewe, hujibu kwamba vyote viwili vinahitajika.

Alianzia dirisha la usajili, akiwa kijana mwembamba mwenye sharubu zilizotangulia umri wake. Kazi yake ilikuwa kutoka nje hadi uani na mwenye gari, kulinganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi, kisha kuandika rangi ya gari. Rangi ndiyo iliyomtoa jasho. Kuna bwana aliyeleta basi lililopakwa kila rangi iliyokuwa imebaki dukani, akataka zote ziandikwe, hata ile ya mlango wa nyuma ambayo yeye mwenyewe hakujua jina lake. Bwana Taratibu alilizunguka basi, akarudi ndani, akaandika: "Nyekundu, pamoja na nyinginezo." Basi lile likapata namba siku hiyohiyo, na maneno hayo tunayatumia mpaka sasa.

Alihamishiwa kwenye utahini kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka nafasi hiyo. Mtangulizi wake alikuwa ameomba kupelekwa chumba cha mafaili, mahali ambapo hakuna kitu kinachotembea. Bwana Taratibu aliingia kwenye kiti cha abiria na hakushuka tena. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Gari likielekea ukutani, yeye husema kwa upole, "Hapa tungeweza kufikiria breki." Hofu yake yote ilikuwa mguuni. Fundi wetu anasema zulia la upande wa abiria katika gari la mtihani limebadilishwa mara tatu kwa kukanyagwa breki isiyokuwapo, ilhali la upande wa dereva ni lilelile la mwanzo.

Aliwahi kumwambia mtahiniwa mmoja akate kulia. Kijana akauliza, "Kulia kwangu au kulia kwako?" Bwana Taratibu akamjibu, "Mwanangu, sote tumetazama mbele."

Lakini wasifu huu hautakamilika bila kumtaja mama mkwe wake.

Mama huyo ni mfugaji wa kuku, na maduka mengi ya mji huu hupata mayai kwake. Miaka minane iliyopita dereva wake aliacha kazi asubuhi moja, akamwachia pikapu iliyojaa trei za mayai na wenye maduka wanaopiga simu. Wawili wakahamia kwa mfugaji mwingine wiki hiyohiyo. Mama akaona dawa ni kuendesha mwenyewe, ingawa wenzake wa umri wake walikuwa katika mazungumzo ya maumivu ya magoti.

Mtahini wa kwanza alimfelisha kwa kukataa kuwasha indiketa. Mama alisema hapendi kutangaza mambo yake barabarani. Wa pili alimfelisha kwa kusimama katikati ya makutano amsalimu shoga yake, na mtahini alipomkosoa, mama alimtaka ashuke. Wote wawili walimweleza mkuu wa kituo kwamba wana watoto wadogo na wangependa kuwalea. Akabaki Bwana Taratibu. Mkuu alikubali amtahini mkwewe kwa sharti kwamba kiti cha nyuma kiwe na shahidi. Shahidi huyo ni mimi ninayeandika haya.

"Shikamoo, mama," alisema, akifunga mkanda.

"Marahaba, baba. Haya, washa twende, nina mayai."

"Mama, wa kuwasha ni wewe."

Tulipotoka getini ndipo nilipoelewa tatizo. Mtu huyu alikuwa hajawahi kumwamuru mama mkwe wake jambo lolote maishani, na sasa ilimpasa kumwamuru kila baada ya nyumba tatu. "Mama, samahani kwa usumbufu," alikuwa akianza, "mbele kidogo pana kona, na kama haitakuwa taabu, tungeomba tukate kulia." Alipofika kwenye neno kulia, kona ilikuwa imeshatupita. Akaomba radhi, akaanza maombi ya kona iliyofuata. Hiyo nayo ikapita. Tulikwenda moja kwa moja hadi nyumba zikaanza kwisha, na tuligeuza tu kwa sababu lami iliisha.

Uani, katika kurudi nyuma, mama aliziacha koni zote salama akaangusha kibao cha ofisi kilichoandikwa Usalama Kwanza.

"Hapo, mama, tungeweza kufikiria breki."

"Ungefikiria mapema ukaniambia."

Alizima gari akasubiri. Bwana Taratibu alikuwa amelowa mgongo. "Mama," alisema, "leo leseni haijakubali."

"Nani hajakubali? Leseni au wewe?"

Ningekuwa yeye ningesingizia sheria, kibao, au hata mimi shahidi. Yeye alijibu, "Mimi, mama." Mama akashuka, akanitakia siku njema mimi peke yangu, akaondoka kwa miguu.

Kwa miezi iliyofuata hakumsemesha mkwewe. Akija kuwatembelea, ujumbe wote ulipitia kwa binti yake, hata wakiwa meza moja. "Muulize mumeo kama amemaliza na chumvi." "Mwambie mama chumvi hii hapa." Mkewe alivumilia, hata siku moja akaweka kijiko chini akawaambia kwamba yeye si dirisha la kupokea maombi, na kwamba kwa leo limefungwa. Bwana Taratibu alikuja kazini amenyong'onyea kiasi cha kumpitisha mtu aliyepanda ukingo wa barabara, kisha akamkimbilia getini kumwambia arudi wiki ijayo.

Wokovu aliupata katika kanuni zetu wenyewe. Zinasema aliyemfundisha mtu kuendesha haruhusiwi kumtahini. Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa ya kuazima koni, akazipeleka kwa mama mkwe, akasimama nje ya banda la kuku.

"Mama, nimekuja kukufundisha. Nikishakufundisha, nakatazwa kukutahini tena."

Mama akaendelea kumwaga pumba. "Kwa hiyo hutaweza kunikataa?"

"Hata nikitaka."

"Ingia garini."

Wakakubaliana kwamba ndani ya pikapu hakuna mkwe. Kuna Dereva na kuna Mwalimu. "Dereva, kulia." "Sawa, Mwalimu." Wakishuka tu, shikamoo zinarudi mahali pake. Mazoezi yalifanyika uani katikati ya kuku, na trei za mayai zikiwa nyuma, kwa sababu mama alisema hataki kujifunza kuendesha gari tupu wakati hana mpango wa kuendesha gari tupu. Jamaa zao wanasema msimu ule walikula mayai asubuhi, mchana na jioni, na kwamba maendeleo ya mama waliyafuatilia kwa kutazama sahani. Siku walipopewa maharage, walipongezana.

Mtihani wa mwisho ulisimamiwa na mtahini aliyetoka kituo kingine, bibi mkali ambaye hakumjua yeyote kati yao. Bwana Taratibu alichukua likizo ya siku moja, akaja kukaa na mkewe kwenye benchi la wanaosubiri. Alikuwa hajawahi kulikalia. Gari liliporudi, mtahini alipita mbele yao, akaingia ndani kunywa chai. Bwana Taratibu akaenda dirishani kuuliza matokeo. Akaambiwa matokeo hutangazwa saa kumi jioni, na kwamba huo ni utaratibu ulioanzishwa na Mtahini Mkuu.

Alirudi kwenye benchi. Jua likawafuata, benchi lile halikuwa na kivuli. Mama akala karanga zake kwa utulivu, binti yake akalala begani mwa mumewe, na Bwana Taratibu akamuuliza kila aliyetoka mlangoni kama amesikia lolote. Saa kumi jina likasomwa. Mama amepita. Bwana Taratibu alisimama, akakaa, akasimama tena, kisha akatuambia vumbi limemwingia machoni.

Mama alipokea leseni, akaikagua picha na kusema si yeye ila ataichukua. Akaelekea kwenye pikapu. Mkwewe akafungua mlango wa mbele. "Panda nyuma, baba," alimwambia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita baba tangu kile kibao kianguke. "Mbele nimefunga mayai mkanda."

Jumatatu yake Bwana Taratibu aliufuta utaratibu wa saa kumi. Tangu siku hiyo, katika kituo hiki, mtahiniwa huambiwa matokeo yake akiwa bado ameshika usukani, na benchi lina paa. Kuna mafanikio mengine mengi, na mkuu wa kituo atayasoma kwenye hafla. Haya mawili ndiyo ambayo watu hutusimamisha barabarani kutushukuru.

Kupumzika hatapumzika sana. Jumatatu anaanza kazi mpya ya kupakia na kushusha trei katika pikapu ya mama mkwe wake. Mama alikuja ofisini wiki iliyopita kutuuliza, kama mwajiri yeyote makini, iwapo ni mtu wa kutegemewa. Tukamhakikishia. Akasema hata hivyo atamweka miezi mitatu ya majaribio.

"Asipofaa nitamwambia mwenyewe," alisema. "Yeye aliniambia."

Bwana Taratibu, asante kwa kila safari uliyoketi nasi. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, na kila la heri katika majaribio yako.