Herufi ya Dunja

Kwenye uwanja wa katikati ya mji wa Kikinda, chini ya miti ambayo bundi hurudi kulala kila baridi ikianza, kuna benchi ambalo mtu hakai bila mwavuli. Bundi wenyewe hawana neno na mtu. Shida ni wanayoyadondosha. Wenyeji wa benchi ni watatu. Desanka, mwenye kibanda cha magazeti, ndiye mchemsha kahawa, na kwake kila ugonjwa duniani umeletwa na dirisha lililoachwa wazi, kwa hiyo wanamwita Upepo. Gojko alisomesha jiografia mpaka akastaafu. Huyo ni Ramani. Na Tihomir, aliyekuwa mkuu wa stesheni, ni Firimbi, mtu ambaye treni ikichelewa yeye ndiye aliyekuwa akiona aibu. Asubuhi hiyo Firimbi alikuwa ameshawanyamazisha watoto wa shule waliopita wakipiga kelele, maana bundi wamelala. Kisha akakaa, akaishika kahawa yake bila kuinywa, na wenzake wakajua kuna jambo.

Jambo lilikuwa la binti yake. Dunja anafanya kazi ya tanuri kwenye kiwanda cha vigae, zamu ya alfajiri, na usingizi haumjii mpaka alfajiri hiyohiyo inapokaribia. Amechelewa kazini mpaka amepewa onyo la mwisho. Akaomba zamu ya mchana. Kiwanda kikataka cheti cha daktari wa usingizi, chenye namba ya ugonjwa. Cheti kilitoka jana, na namba yake imeanza na F.

— F ndiyo nini? aliuliza Upepo.

— Sura ya magonjwa ya akili, alisema Firimbi. Wameandika kukosa usingizi, na chanzo ni akili. Mwenye F hasogelei tanuri mpaka apite mbele ya jopo la madaktari. Wamemsimamisha. Jopo likimkataa, kazi hana.

— Na nyinyi mlitaka herufi gani?

— G. Hiyo ni ya neva. Maana yake usingizi ni mzima, ila saa ya mwilini inachelewa, basi. Mwenye G wanambadilishia zamu na maisha yanaendelea.

— Kawia ufike, alisema Ramani.

— Hiyo ni ya wasafiri, bwana. Tanuri halisubiri mtu.

Upepo alikuwa na jibu lake tayari. Chumba cha Dunja kinatazama kaskazini, na usingizi, kwa elimu yake, huingilia sikioni. Upepo ukitangulia kuingia, usingizi unabaki nje ya mlango kama mgeni asiye na adabu ya kubisha, mpaka upepo uchoke.

— Acha zako, alisema Ramani. Swali ni moja tu: babu yake alifanya kazi wapi?

— Kanada, alisema Firimbi. Mgodini.

— Si unaona? Kwetu ikiwa saa kumi alfajiri, kule ni saa nne usiku. Mtoto analala saa ya heshima kabisa, ila amekosea nchi.

— Baba yangu alikaa Kanada miezi minane, akaikimbia baridi.

— Inatosha. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Buyu limeingiaje hapa? aliuliza Upepo. Halafu akatazama juu, akashusha sauti: Mimi nilikuwa sitaki kusema. Mke wako, Mungu amrehemu, mimba ya Dunja aliibebea kwenye benchi hilihili, baridi nzima, na hao bundi wako juu yake. Unadhani mtoto tumboni hasikii?

Ramani alikubali kwamba hilo nalo lina mantiki, na kwamba daktari angepaswa kuambiwa. Firimbi hakucheka. Usiku kucha alikuwa akifikiria mtoto wake amesimama mbele ya jopo, anaulizwa kama ana wazimu, na roho ilikuwa inamuuma.

Hapo ndipo alipofika Etelka, mpangaji mpya wa juu ya duka la mikate, na wavu wake wa pilipili hoho nyekundu. Aliomba kahawa na mahali pa kupumzisha mikono. Walimsimulia yote, upepo, Kanada na bundi, naye akasikiliza mpaka mwisho.

— Sasa daktari hiyo F aliitoa wapi?

— Kwenye karatasi za usingizi, alisema Firimbi. Alimpa ajaze wakati wa likizo: umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi. Akajaza. Kalala saa tisa, saa kumi, kila siku. Kaamka saa kumi na moja na nusu, kila siku. Daktari akaona huyu mtu halali.

— Saa kumi na moja na nusu, na yuko likizo?

— Nilikuwa namwamsha. Sufuria na mwiko, kama siku zote. Mchelea mwana kulia hulia yeye, dada.

— Hakumwambia daktari?

Firimbi alizungusha kikombe mkononi.

— Karatasi ina mahali pa saa. Mahali pa kuandika baba hapana. Na Dunja si mtu wa kunisema kwa wageni. Daktari kampa karatasi nyingine tupu aijaze kabla ya jopo, kaiweka mezani, akaenda chumbani kwake. Leo nimemhurumia kidogo. Nitamwamsha nikirudi na mkate.

— Na usipomwamsha, huamka saa ngapi?

Upepo alimtazama Ramani. Ramani, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu astaafu, alianza kuufunga mwavuli wake, kisha akaufungua tena.  Firimbi alijua saa ya kila treni iliyowahi kupita Kikinda, za abiria na za mizigo. Hili hakulijua, na aibu ilimshika waziwazi mbele ya mgeni.

Kengele ya kanisa ililia. Ndiyo saa aliyokuwa amejiwekea ya kurudi kumwamsha Dunja. Aliinuka, akachukua mkate wake. Kisha akaketi.

— Kahawa imebaki? aliuliza.

— Imeisha, alisema Upepo.

— Basi chemsha nyingine, alisema Firimbi, kwa sauti ya chini.