Binti Yangu na Nyundo

Wazazi wenzangu, mniruhusu niongee nimesimama. Nikikaa, mikono inatafuta kazi. Mimi ni fundi bati pale Chemchem, nagonga majiko na ndoo kutwa nzima, na nyumba yangu iko nyuma ya karakana hiyohiyo.

Binti yangu ana miaka tisa. Nilikuwa namwita, kimya. Namtuma chumvi na kiberiti, apitie na kwa shangazi yake kuchukua ungo. Anarudi na kiberiti tu, au harudi kabisa, namkuta njiani anatazama siafu. Mgeni akija, shikamoo haitoki. Nikaona ni kiburi. Nilimchapa, ndugu zangu, na siyo mara moja. Naona aibu kulisema, lakini nalisema.

Mwalimu wake akasema labda shule siyo yake. Basi nikaamua aende Kigwa kwa bibi yake, akalime. Begi likafungwa. Mama yake akaniambia, "Kabla hajapanda treni, apimwe masikio. La sivyo naondoka naye." Nikampeleka hospitali, kwa hasira.

Masikio yakaonekana mazima. Nikainuka: si nilisema? Mama aliyempima akasema, "Kaa kwanza, baba." Akanieleza kuwa shida ni umakini wa mtoto, hautulii, na penye kelele maneno yanamchanganyikia hata kama sikio ni zima. Kisha akauliza, "Wewe ukiongea naye, unakuwa unafanya nini?"

Nikaitazama mikono yangu. Miaka yote tisa nimeongea naye huku nagonga.

Jioni ile niliweka nyundo chini, nikachuchumaa mbele yake, nikasema jambo moja tu: niletee maji. Akaleta. Akasimama pale pale, akaniuliza, "Baba, leo mbona umeongea na mimi?" Nililia, sifichi.

Begi tulilifungua. Namshukuru mama yake, na yule mpimaji, na mwalimu huyohuyo, ambaye baadaye alimhamishia dawati la mbele, mbali na dirisha. Nanyi nawaomba, ukitaka kumwita mtoto, weka chini kwanza ulichoshika, umfuate alipo.

Hajapona, nawaambia kweli. Wala mimi sijapona. Leo asubuhi nimemwita tena huku nagonga. Hakujibu. Alikuja, akaishika nyundo ikiwa bado mkononi mwangu, akasubiri nitulie.

"Haya baba," akasema, "sasa niambie."